Dari ya Darasa la Sita

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, seti ya sahani na saa kubwa ya ukutani. Sijui aliyechagua saa alidhani ninawahi wapi. Mkuu wa idara akaniomba niwaachie vijana maneno mawili matatu, nami nilikuwa nimechoka na wali ulikuwa unapoa, nikasema asanteni, chapeni kazi, nikaketi. Mkapiga makofi. Wakati wa kutoka, mmoja wenu akanifuata mpaka kwenye bodaboda akaniambia, "Mama, leo umetubania." Ni kweli niliwabania. Nimekaa nyumbani miezi minne sasa, miguu inauma, usingizi wa mchana ninaupata, na jambo nililolibania bado halijanitoka. Basi ninaliandika.

Nilipoanza kazi Nachingwea, afisa afya alijulikana kama mtu wa vyoo na bucha. Akionekana kijijini, kila mwenye mgahawa anafunika sufuria. Wananchi walituita bwana afya, na mimi mwanamke niliitwa bwana afya vilevile. Ilichukua miaka mingi kugeuka Mama Afya, na nadhani ni kwa sababu nilinenepa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Namangaya, Mmwera wa upande wa Ruangwa, mrefu, mkimya, mwenye baiskeli iliyolia kila inapozunguka. Siku yangu ya kwanza tulikwenda kukagua shule ya msingi, tukaingia darasani, nikatoa kalamu. Aliichukua akaitia mfukoni mwake. Akanisimamisha katikati ya chumba akaniambia nifunge mdomo nivute hewa kwa pua, kisha nimweleze ninasikia harufu gani. Nikasema sisikii kitu. Akaniambia nisubiri. Tulisimama pale, watoto wakitutazama, mpaka nikaanza kuzitenganisha: chokaa ya ubaoni, udongo mbichi wa ukuta uliolowa, mafuta ya nywele, na juu ya yote harufu kali inayokaa kooni. "Hiyo ya mwisho ni popo," akasema, ndipo akanirudishia kalamu.

Mzee alikuwa na wazo lililomsumbua kuliko vyoo. Alisema watu wote wanauliza mtoto amekula nini na amekunywa nini, lakini hakuna anayeuliza amevuta nini kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Alinifundisha kukaa dawati la nyuma kipindi kizima, si kuchungulia mlangoni na kuondoka. Alinifundisha kutazama juu ya ukuta kabla ya sakafu, kwa sababu sakafu hufagiliwa kwa ajili ya mgeni, na juu ya ukuta hakuna anayefika. Alinifundisha pia kuwauliza watoto nani anakohoa, kwa kuwa mwalimu atakujibu hakuna.

Vifaa vyetu vilikuwa tochi, kitambaa cheupe cha kupangusia, na kioo kidogo cha kunyolea ndevu kilichofungwa kwenye fimbo. Kioo unakipenyeza kwenye tundu la dari, unamulika na tochi, unaona kinachoishi huko. Kifaa cha kupimia hewa sijawahi kukiona wilayani kwetu. Niliwahi kuomba, nikaletewa mizani ya nyama.

Kuhusu popo alikuwa mkali. Kinyesi chao kikikauka, alisema, kinaota ukungu usioonekana, na ukikisumbua kinapanda kama unga wa muhogo na kuingia kifuani. Aliwahi kuona wakulima walioingia pangoni kuchota mbolea ya popo, wakakohoa mpaka msimu wa korosho ukaisha. Kwa hiyo: lowanisha kwanza, wafanye watu wazima, pua na midomo vifungwe, na watoto wasiwepo. Aliyarudia maneno hayo kwangu mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa ninayamalizia mwenyewe, naye anakasirika.

Miaka ilikwenda. Mzee akastaafu, kisha akafariki, nami nikapata pikipiki. Nilizunguka Kiegei, Nandagala, Narung'ombe na huko kwingine kote. Niligundua kwamba magonjwa ya darasani yana majira yake. Masika ni ukungu mweusi unaopanda ukutani kuanzia chini, na mwalimu anaupaka chokaa juu yake, nao unatokea tena kabla chokaa haijakauka vizuri. Baada ya mavuno ni mazao. Chumba kimoja cha darasa kinageuzwa stoo ya muda, ufuta au korosho zinarundikwa zikisubiri mnada, nyingine hazijakauka, na darasa la pili wanasomea upande wa pili wa ukuta usiofika juu. Nilikuwa ninatia mkono ndani ya gunia, nikiutoa una unga wa kijani. Naambiwa, Mama Afya, ni wiki moja tu. Ninyi mnajua wiki moja ya mnada ina siku ngapi.

Kiangazi ni vumbi. Kwetu watoto wanafagia madarasa asubuhi, tena kwa nguvu, na wa darasa la kwanza wanaingia na kuketi vumbi likiwa bado linaelea. Nilihimiza wanyunyize maji kwanza. Mikutano ilikubali kwa kauli moja, na hakuna aliyenyunyiza. Mama mmoja wa Narung'ombe aliniuliza kwa upole kama ninajua kidumu anachobeba mwanawe kinatoka wapi, na kama kweli nilikuwa ninamaanisha kimwagwe chini. Nilianza kuwaambia wafungue madirisha na wasubiri kidogo kabla ya kuingia, jambo lisilohitaji maji, na baadhi walilishika.

Ninayaeleza haya ili mjue kwamba kazi nilikuwa ninaijua. Lililotokea halikutokea kwa ujinga, na hilo ndilo linalonichosha mpaka leo.

Miaka michache kabla sijastaafu nilifika shule moja upande wa Ruangwa, ambayo sitaitaja. Mwalimu mkuu wake nitamwita Mwalimu Liwowa. Darasa la sita lilikuwa na dari ya mbao nyembamba, imebonyea katikati kama godoro la zamani, na harufu ilinipokea nikiwa bado uwanjani. Nilipenyeza kioo. Juu kulikuwa na popo na kinyesi chao cha miaka, kikavu, kimerundikana kati ya kenchi za paa. Watoto walikuwa wanasoma chini yake, na kila mlango ulipobamizwa, ungaunga mweusi uliwadondokea kwenye madaftari.

Ilikuwa shule ya tatu siku hiyo. Pikipiki ilikuwa imepata pancha mara mbili, jua lilikuwa kali, na nilitaka kufika nyumbani. Nikafungua kitabu cha ukaguzi nikaandika: dari ya darasa la sita isafishwe ndani ya wiki moja. Nikasaini, nikagonga muhuri, nikaondoka.

Hayo tu. Sikuandika nani asafishe, wala sikuandika namna ya kusafisha. Katika shule zetu mgeni akiagiza usafi, hakuna anayeuliza nani atafanya. Mimi mwenyewe nimefagia shule miaka saba. Ofisini kwangu, stoo, kulikuwa na maboksi ya barakoa yaliyobaki tangu wakati wa korona, na yalikuwa yanaliwa na panya.

Wiki ilipokwisha nilirudi. Dari ilikuwa imeshushwa yote, kenchi zimepanguswa, kuta zimepakwa chokaa, na hewa ilikuwa nyepesi. Nilifurahi. Siwezi kuwaficha hilo. Kinyesi kilikuwa kimejazwa kwenye viroba na kupelekwa bustani ya mchicha ya shule, na Mwalimu Liwowa alinionyesha bustani kabla hajanionyesha darasa. Akaniambia wanafunzi wa darasa la sita wamefanya kazi ya kiume. Niliposikia neno wanafunzi kitu kilinigonga kidogo, nikakipuuza kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha na wote walikuwa mbele yangu wazima. Mwalimu akamwita msichana mmoja mdogo kuliko wenzake, jina lake Somoe. Yeye ndiye aliyekuwa mwepesi wa kupita kati ya kenchi, alikaa huko juu siku mbili akisukuma kwa ufagio huku wenzake wakikinga chini. Wasichana wengine walifunika pua kwa mitandio yao, yeye aliuvua wake usikwame kwenye misumari. Nikawaambia wampigie makofi. Nikampa kalamu yangu. Alicheka, akaificha kwenye soksi.

Wiki mbili baadaye nikasikia kwamba pale shuleni kuna kikohozi. Watoto kadhaa walipata homa na kubanwa kifua, zahanati ikawapa dawa, wakapona mmoja mmoja. Somoe hakupona. Alikonda, alitoka jasho, alikohoa mpaka akashindwa kusimama. Makohozi yalipimwa yasionyeshe kitu, lakini tabibu wa kituo cha afya, kijana mwangalifu, aliamua kumwanzishia dawa za kifua kikuu asije akapotea bure. Dawa hazikumsaidia. Ndipo tabibu akanipigia simu, akaniomba nikakague nyumba anamolala yule mtoto, huenda kuna kitu kinachomrudisha nyuma.

Nilikwenda. Somoe alikuwa analelewa na bibi yake, Bibi Sharifa, mkulima wa ufuta na korosho chache, mama mtu mzima ambaye Kiswahili chake kilichanganyika na Kimwera na alikiongea polepole kama anayepima. Nilimwamkia, akanikaribisha ndani. Nilifanya ukaguzi kama nilivyofundishwa. Nilipangusa juu ya ukuta. Nikakuta masizi, jiko la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha, na kuku waliolala chini ya kitanda cha mtoto. Nikamweleza bibi kwamba moshi na kuku vinaharibu kifua cha mjukuu wake. Nilimweleza mbele ya jirani yake. Bibi Sharifa hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema hakujua. Nilipopita tena baada ya siku chache, jiko lilikuwa nje chini ya kibanda cha makuti, na kuku wote aliwauza. Niliandika kwenye ripoti kwamba mlezi ameonyesha ushirikiano.

Siku hiyo ya pili Somoe alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, kwenye upepo. Macho yalikuwa makubwa kuliko uso. Nilikuwa ninavaa kofia ya pikipiki niondoke aliponiita. Alitaka kujua jambo la kazi.

"Mama Afya, kule darini popo wamerudi?"

Nikamwambia hawajarudi. Akasema vizuri, kwa sababu walikuwa wanamchafua sana, unga ulikuwa unaingia mpaka mdomoni, alikuwa anatema mate meusi.

Nilikaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Kila alichonifundisha Mzee Namangaya nilikuwa nacho kichwani, neno kwa neno, na nilikuwa nimekwenda kutafuta ugonjwa chini ya kitanda cha yule bibi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Niliwasha pikipiki nikaenda moja kwa moja kwa tabibu.

Alinisikiliza, akaweka kalamu chini. Alisema hilo linabadilisha kila kitu, kwamba kuna ugonjwa wa mapafu unaotokana na fangasi wa kinyesi cha popo, unafanana na kifua kikuu, na dawa zake ni nyingine kabisa. Lakini yeye hakuwa na vipimo wala dawa hizo. Mtoto ilibidi apewe rufaa, na hospitali kubwa wangetaka maelezo ya maandishi: alivuta nini, kwa muda gani, ilitokeaje, na wenzake wangapi walikuwepo. Akaniomba niyaandike mimi, kwa kuwa ndimi niliyepaona.

Jioni ile Mwalimu Liwowa alikuja kwangu. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa na watoto wake wawili katika darasa lile lile, nao walikuwa wamekinga viroba. Alikaa, akakataa chai, akasema ametafuta njia ambayo haitamuumiza mtu. Tuandike kwamba watoto walipanda wenyewe kwa utundu, kuwinda popo.

"Daktari anachotaka ni popo," akasema. "Popo tunampa. Aliyeagiza hamsaidii kitu."

Niliwaza juu ya maneno yake. Ninyi mtapenda niseme nilimfukuza, lakini sikumfukuza. Nilimwambia nitafikiri, na nilifikiri kesho yake yote, nimeketi ofisini na karatasi mbele yangu, huku mtoto amelala mkekani hawezi kuondoka bila karatasi ile. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nilijiambia kwamba daktari kweli anahitaji popo tu. Kilichonivunja ni hesabu ya watoto. Wanaopanda kwa utundu huwa wawili au watatu. Kama ni agizo, ni darasa zima, siku mbili, na wote walipaswa kutafutwa na kusikilizwa vifua. Nikiandika uongo kuhusu mimi, nitakuwa nimeandika uongo kuhusu wao wote.

Nikaandika kwamba kazi ile niliiagiza mimi, kwamba nilijua hatari yake, kwamba sikutoa maelekezo ya usalama, na kwamba ilifanywa na wanafunzi wote wa darasa la sita, kinyesi kikiwa kikavu, bila kinga. Kulipopambazuka nilimpelekea tabibu nyumbani kwake. Alisoma amesimama, akanitazama, akaikunja. Siku hiyohiyo Somoe akasafirishwa. Darasa zima likaitwa kupimwa, na tukapata wengine wawili waliokuwa wanakohoa kimyakimya kwa sababu waliogopa kukosa mtihani.

Mimi nilipewa barua ya karipio, ambayo bila shaka iko kwenye faili langu mpaka leo kama mna muda wa kutafuta. Mwalimu Liwowa alihamishiwa shule nyingine. Aliniamkia vizuri kila tulipokutana, nami ningependa zaidi anitukane.

Hospitali walimbadilishia dawa. Alikaa huko muda mrefu, akaruhusiwa, akaendelea kumeza vidonge nyumbani kwa miezi. Daktari wao aliandika kwamba amepona ugonjwa, ila sehemu ya mapafu imebaki na kovu na haitarudi. Barua hiyo niliisoma mara kadhaa. Nilisoma neno amepona, nikasoma lililofuata.

Tangu hapo ripoti zangu zikawa ndefu. Mlikuwa mnazicheka, ninajua, mlikuwa mnasema Mama Afya anaandika kitabu. Kila agizo niliandika nani afanye, avae nini, aanze na nini, na nani asiwepo. Barakoa za stoo nilizigawa zilizosalimika. Sikuwaambia kwa nini, mkadhani ni uzee.

Kuna jambo moja lilikuwa limebaki. Bibi Sharifa hakuwa ameelezwa. Wakati wa rufaa aliambiwa tu kwamba mtoto anakwenda kupata dawa nzuri zaidi, naye alishukuru. Nilijipa sababu nyingi za kutokwenda, mara mvua, mara semina. Somoe alikuwa amesharudi nyumbani majuma kadhaa nilipokwenda hatimaye. Bibi alikuwa anapepeta ufuta uani. Aliacha kazi, akaniwekea kigoda, nikamweleza yote tangu mwanzo: kioo, kitabu, muhuri, siku mbili za darini. Nikamwambia ugonjwa haukutoka nyumbani kwake. Haukutoka kwa moshi wala kwa kuku. Nikamwomba radhi.

Aliokota ufuta uliomwagika, punje kwa punje, mpaka nikadhani Kiswahili changu kimempita. Hakikuwa kimempita.

"Mwanangu," akasema, "siku ile uliyoingia humu ndani kwangu ukapangusa ukuta, ulikuwa hujui? Au ulikuwa hutaki kujua?"

Nilimjibu kwamba nilikuwa ninajua mambo yote mawili, popo na watoto, na sikutaka kuyakutanisha. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo, na mpaka leo sina jingine.

Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Majirani wote, akasema, wanajua aliyemuua nusu mtoto huyu ni yeye na kuku wake. Nikamwambia nitakwenda kwao mmoja mmoja niwaeleze, na nilikwenda, nyumba kwa nyumba, mchana ule ule. Lakini hayo ni baadaye. Pale uani alichukua ungo wake, akaupeta mara mbili, akauweka tena. Kisha akaita kuelekea ndani, akamwambia Somoe atoke, kuna mkubwa, aje amwamkie.

Somoe alitoka taratibu, ameshika ukuta. Alikuwa amerefuka. Akapiga goti mbele yangu kama alivyofundishwa, akafungua mdomo, hewa ikamkatikia katikati ya shikamoo, akainamisha kichwa kuitafuta nyingine. Bibi yake alinitazama, hakumtazama yeye. Nilisubiri mpaka mtoto akamaliza salamu yake, ndipo nikaitikia.